Polisi kafyatua risasi: namna ya kuipima ile sekunde kabla hujaanza kubishana

Klipu ikiingia kwenye grupu usiku, iangalie mara moja tu kwa spidi yake ya kawaida, alafu weka simu chini. Najua ni ngumu lakini jaribu. Manake ukishairudia mara kumi, tena kuna yule jamaa ashaituma imepunguzwa spidi na kuchorwa duara jekundu, basi wewe ushakuwa hakimu na hukumu ushaandika. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walilijaribu hili, watu wakaonyeshwa vidio ile ile, wengine spidi ya kawaida wengine polepole, na wale wa polepole ndio waliosema zaidi kuwa mpigaji alikusudia. Vidio haijabadilika hata nukta, ni muda tu umevutwa kama mpira, na ukiuona muda mrefu unahisi kulikuwa na nafasi ya kufikiri ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Alafu hesabu kwa mdomo. Toka askari alipomuona mtu mpaka mlio wa kwanza ni ngapi? Mtu aliyekaa kitako, kaambiwa taa itawaka na yeye abonyeze kitufe, anachukua kama robo ya sekunde, na huyo hana la kuchagua. Mpe na la kuchagua, ile ni simu ama bastola, nipige ama nisipige, muda unaongezeka. Kwa hivo mtu anaweza kuwa ashageuka, ama ashaangusha alichoshika, kabla kidole cha askari hakijapata habari. Ndio mana tundu la risasi mgongoni peke yake halimalizi maneno. Ni swali zito sana lakini bado ni swali.

Nawaeleza hivi manake mimi mwenyewe nilikaribia kumpasua ami yangu kichwa.

Ilikuwa hapa Lamu, mtaa wa Langoni, stima zimepotea, na wiki ile nilikuwa nimeibiwa simu kwa hivo roho iko juu. Nimeshika bakora, naenda mbio nifike nyumbani, na vile vichochoro vya huku mnavijua, ukuta huku ukuta huku, punda akipita unajibandika. Nakata kona namuona mtu anatoka dakani, ile baraza ya mlangoni, kwenye kiza, mkono umenyanyuka, na mkononi ana panga. Naapa niliona panga, niliuona na ubapa wake. Bakora ishafika juu ndio naskia "ni mie!" Ami. Na panga lenyewe ni mwavuli umekunjwa. Tulisimama pale mtu na moyo wake, alafu akanambia neno moja ambalo ndio msingi wa haya yote ninayoandika: "Mbona hukutoa salamu, mwanangu?"

Kweli. Kiza kikiingia kila mtu huku anajua, unakata kona unatoa salamu, aliye mbele anajua kuna mtu na wewe unajua yuko nani. Mimi sikutoa. Nilikuwa mbio, sina tochi, na bakora mkononi. Ile sekunde nilipoona panga sikuwa na la kufanya, hata leo nikirudishwa pale nitaona panga. Lakini nani aliifanya ile sekunde ikawa fupi hivo? Mimi, dakika mbili nyuma.

Basi ukitaka kupima risasi ya polisi, unapima vitu viwili na usivichanganye. Kuna sekunde yenyewe, na kuna aliyeifupisha.

Tuanze na sekunde yenyewe. Chukua karatasi uipige mstari katikati. Upande mmoja andika alichokijua, alichokiona na alichoambiwa askari kabla hajafyatua. Upande wa pili andika tulichokijua baadaye. Kwa kuipima sekunde, upande wa pili uukunje kabisa usiuone. Wamarekani wana kesi maarufu ya hili, Graham dhidi ya Connor, mahakama yao ya juu kabisa iliamua mwaka 1989 kuwa askari apimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale pale, si kwa macho ya sisi tuliokaa na majibu tayari. Na chanzo chake kinachekesha na kuliza, Dethorne Graham alikuwa na kisukari, aliingia dukani mji wa Charlotte kutafuta juisi ya machungwa sukari isimshuke, akakuta foleni ndefu akatoka mbio, askari akaona mtu kaingia katoka haraka akadhani kaiba. Waliokuja kusaidia wakamtia pingu, akatoka na mguu uliovunjika. Mgonjwa anatafuta juisi, na kesi yake ndio mwavuli wanaojifunikia polisi wa kule mpaka leo.

Sasa hapa watu wengi ndipo wanapoteleza, manake ile kunja ya karatasi inakata kotekote. Ikija kujulikana ile ilikuwa simu na si bastola, huwezi kumshika askari kwa hilo peke yake, swali ni kama mtu mwenye busara kwa mwanga ule na umbali ule angeweza kuona bastola. Sawa. Lakini vilevile yakitoka maneno kesho yake kuwa marehemu alikuwa "mhalifu sugu", ati ana kesi tatu, ati mfukoni kulikutwa kisu, kama askari hayo hakuyajua wakati anafyatua basi hayamsaidii chochote, yako upande uliokunjwa. Ukimuona mtu anaruhusu upande mmoja tu wa huo mchezo, jua hapimi, anatetea. Na wako wengi, wa pande zote mbili.

Umbali nao uupime kwa miguu, usiutazame kwa skrini. Askari mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, mwaka 1983 alionyesha kuwa mtu mwenye kisu akiwa futi 21, yaani kama mita sita na kitu, anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi, karibu sawa na muda wa askari kuchomoa bastola na kupiga. Kwa hivo anayesema "alikuwa mbali, alikuwa na kisu tu" aende akasimame mita sita na kijana wa miaka ishirini aambiwe toka. Lakini msiniletee hio futi 21 kama sheria, haijawahi kuwa sheria, na funzo lake kubwa ni kwamba askari awahi kurudi nyuma, ajikinge na kitu, apate nafasi. Si kwamba kila mwenye kisu ndani ya futi 21 ni halali.

Haya, sasa rudisha mkanda nyuma.

Cleveland, huko huko Marekani, Novemba 2014, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, anacheza kwenye bustani na bastola ya kuchezea. Mtu akapiga simu polisi, akasema ile bastola huenda ni ya bandia, na mwenyewe huenda ni mtoto. Hayo mawili hayakuwafikia askari. Gari lao likapanda nyasi likaenda kusimama karibu kabisa na mtoto, na ndani ya sekunde mbili askari wa pembeni akawa ashampiga. Hakuna aliyeshtakiwa, jiji likailipa familia dola milioni 6 mwaka 2016. Ukiangalia zile sekunde mbili tu unaweza ukajibishana mpaka alfajiri, mkono ulienda kiunoni, haukwenda. Lakini angalia dakika tano nyuma. Aliyepokea simu alimeza maneno mawili. Dereva alichagua kuegesha mita chache badala ya kusimama mbali na kutumia kipaza sauti. Sekunde mbili hazikutoka mbinguni.

Kwa muda mrefu baadhi ya mahakama za kule zilikuwa zinakataa kurudisha huo mkanda, zinaangalia tu ile nukta ya hatari. Mei 2025 mahakama yao ya juu ikasema hapana, kwenye kesi ya Barnes na Felix, kijana alisimamishwa na polisi Houston kwa sababu ya ada za barabara ambazo gari lile la kukodi lilikuwa linadaiwa, gari lilipoanza kuondoka askari akarukia pembeni ya mlango na kufyatua. Majaji wote tisa walikubaliana kuwa lazima hali yote itazamwe, si zile sekunde mbili peke yake. Hawakusema askari ana kosa, na suala la askari kujitafutia hatari mwenyewe wakaliacha kiporo. Walisema tu, tazameni yote. Ami yangu alilisema bure, dakani, kwa maneno manne.

Lakini hizo ni sheria za Marekani na sisi tuko Lamu, na hapa nataka mnisikize vizuri coz watu wanabishana kwa sheria za kwenye sinema. Sheria yetu ni kali zaidi. Katiba ya 2010 kifungu cha 26 kinalinda uhai, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina Jedwali la Sita, liko mtandaoni, si refu, lisome na chai. Linasema njia isiyo ya nguvu ijaribiwe kwanza. Linasema bunduki ni pale tu njia nyepesi zaidi hazitoshi. Kuokoa uhai wa askari ama wa mtu mwengine ndio sababu ya kwanza, ingawa kuna na nyengine kama mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa anayetoroka kizuizini, na hio ya mali na uhai kwa pamoja ambayo mimi binafsi naiona imeachwa wazi mno. Linasema askari ajitambulishe na atoe onyo la wazi kuwa atafyatua, na mtu apewe muda wa kulitii, isipokuwa kama kufanya hivo kutahatarisha maisha ama hakuna maana kwa hali ilivyo. Na linasema amri ya mkubwa si kisingizio.

Onyo likaguliwe kama salamu. Uliza mashahidi walisikia nini, kwa maneno gani, na kati ya neno na mlio kulikuwa na muda wa mtu kugeuka na kunyanyua mikono? "Simama!" na risasi juu yake papo hapo, hilo si onyo, hilo ni kelele. Na askari alikuwa amevaa sare ama nguo za raia? Manake mtu akitokewa na watu watatu wenye fulana usiku Wiyoni ama Kashmiri akakimbia, kukimbia kwake hakusemi kuwa ni mhalifu, mimi pia nakimbia.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Askari wa huku haogopi hewa. Mpeketoni Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya sitini, na baada ya hapo wenzao wengi wamelipuliwa kwenye barabara za msitu wa Boni. Kijana katoka Nyandarua kaletwa huku, lugha yetu haishiki vizuri, vichochoro havijui, kila kona kwake ni mtego. Ile hofu ni ya kweli na ukiipuuza hutapima sawa. Lakini hofu ya kweli na hofu ya haki ni vitu viwili. Mimi pia hofu yangu kwa ami ilikuwa ya kweli. Iulize hofu ilitokana na nini, na alichokuwa akifanya yule mtu, ama na alivyo yule mtu? Jaribio langu ni hili, mtoe marehemu pale umuweke mzungu wa Shella, kule kwa watalii. Saa tano usiku, anakimbia na mfuko begani, mkono unaingia mfukoni, kaitwa hakusimama. Askari angeona bastola ama angeona mtalii kalewa anatafuta simu yake? Kama kwa mzungu jicho lingeona simu na kwa kijana wa kanzu na kofia likaona bastola, basi tatizo si sekunde, tatizo lilikuwepo kabla askari hajatoka kambini.

Na risasi zipimwe moja moja. Ya kwanza inaweza kuwa halali na ya tano ikawa kosa, manake kati yao mtu alishaanguka. New York mwaka 1999 askari wanne walimfyatulia Amadou Diallo risasi 41 akiwa anatoa pochi, 19 zikampata, na mahakama ikawaachilia wote mwaka uliofuata. Mlio wa mwenzako unaufanya ubongo wako uamini kuna anayewapiga, na kwenye kuta zetu za mawe mwangwi unarudi mara mbili. Kwa hivo kuhesabu milio ya vidio ya huku peke yake usiiamini sana. Hesabu maganda.

Baada ya risasi ndipo mimi huangalia zaidi kuliko watu wengi, manake hapo sekunde imekwisha, askari ana muda wote wa dunia. Jedwali linamtaka atoe huduma ya kwanza hapo hapo, kuacha bila sababu ya maana ni jinai, na jamaa wajulishwe. Mtu akifa ama akiumia vibaya mkubwa wake lazima aripoti IPOA, ile mamlaka huru inayowasimamia polisi. Ushahidi usiguswe. Basi angalia. Walimkimbilia ama walisimama wakavuta sigara? Maganda yaliokotwa na nani? Simu za watu zilinyang'anywa? Hadithi ya kwanza iliyotolewa asubuhi ni sawa na ya jioni? Aliyekosea kwa hofu ya kweli mara nyingi utamuona anahangaika. Anayepanga hadithi naye ana mwendo wake.

Sisi watu wa pwani tunayo kesi yetu ya kujifunzia. Agosti 2014 huko Kinango, Kwale, polisi waliingia usiku nyumba moja wakimtafuta mtu, wakampiga risasi Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14, wakasema aliwavamia na panga. Februari 2016 Mahakama Kuu Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka saba kila mmoja, na ndio ilikuwa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na uchunguzi wa IPOA. Panga tena, kiza tena. Ila mle mlikuwa chumba cha mtoto na wao ndio walioingia.

Sasa lile gumu, na hapa nawaomba radhi wazee. Sisi tunazika haraka. Kijana kafa magharibi, asubuhi jeneza limeshatoka msikitini, na pamoja naye imezikwa karatasi ya pekee isiyodanganya, yaani mwili. Tundu la kuingilia na la kutokea, pembe, kama kuna alama za baruti za karibu, kama alikuwa kasimama ama kapiga magoti, yote yako pale. Bila upasuaji wa maiti mtabaki neno la askari na neno la shangazi. Nimekaa na familia moja hapa, sitaitaja, mpaka leo wanajuta. Kwa hivo pigeni simu IPOA usiku ule ule, 1559 ni bure, na wana ofisi Mombasa, waambieni familia iko tayari kwa upasuaji lakini inataka ufanywe haraka, na ombeni daktari wenu awepo chumbani. Mtafuteni na imamu mapema aongee na mama, asisubiri mama aulizwe na afisa mgeni mlangoni. Siku moja ya kuchelewa ina machungu yake. Kufukua kaburi kuna machungu zaidi. Na jueni IPOA wanachunguza tu, wa kushtaki ni mkurugenzi wa mashtaka, msije mkawatukana watu kwa kazi isiyo yao.

Ukifika mwisho wa hayo yote, usilazimishe jibu liwe "muuaji" ama "shujaa". Mara nyengine askari yule hakuwa na njia na kosa liko kwa aliyepeleka askari wawili mahali pa watu wanane, huyo mkubwa ndio atajwe. Mara nyengine alidhani kweli lakini hakuna mtu mwenye busara angedhani vile, hapo ukweli wa moyo wake haumuokoi. Mara nyengine ni mauaji tu, kavu. Na mara nyengine, lisemwe hata kama grupu litakutoa, alikuwa sawa.

Kama ulikuwepo wewe mwenyewe, vidio usiisambaze tu kwa WhatsApp ukafuta, ikipita huko inabanwa na taarifa za saa na mahali zinapotea, ile asili ibaki kwenye simu na nakala kwenye kifaa chengine. Alafu andika usiku ule ule, kabla hujaenda barazani. Ulisimama wapi, taa ilikuwa upande gani, uliskia nini kwanza. Kabla ya kuskia wenzako, manake ukishakaa barazani Mkunguni na watu kumi mnaelezana, kesho wote mliona kitu kimoja. Mie ule mwavuli nimeusimulia mara nyingi mpaka nilikuwa namuonyesha mtu urefu wake kwa mikono miwili. Juzi ami kauleta barazani makusudi. Ni kale kadogo ka kukunja kanakoingia kwenye pochi ya mama.